Kamati Ikishavunjwa: Mhadhara kwa Wapiga Picha Wanaoanza

Habari za asubuhi, wapiga picha wenzangu. Ubishi wa kamera ipi ni bora mtaumaliza wenyewe nje, kwenye chai. Humu ndani nataka tuzungumze kwa nini mtu mwenye jicho zuri, anayesifiwa mitandaoni, ikifika Machi, mwezi wa tatu, anauza lenzi ili alipe kodi ya chumba. Mfano wangu mkuu ni harusi za hapa Dar es Salaam, kwa kuwa ndizo zinazowalisha wengi mnaoanza. Baadaye nitagusa hoteli na mashirika.

Tuanze na mteja. Mara nyingi anayekupa kazi ya harusi si bwana harusi wala bibi harusi, ni kamati. Kamati ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na vikao, na fedha yake ni michango ambayo sehemu kubwa bado ni ahadi. Mweka hazina akikuambia "utamaliziwa baada ya shughuli", huenda wala hakudanganyi. Anategemea ahadi zitimie. Lakini nani anachangia harusi iliyokwisha? Kamati ikishavunjwa, deni lako halina mwenyewe. Mwenyekiti atakuelekeza kwa mweka hazina, mweka hazina kwa maharusi, na maharusi wako fungate.

Kwa hiyo asilimia 50 ilipwe siku ya kushika tarehe, na iliyobaki yote siku 7 kabla ya harusi. Mkataba usainiwe na mtu mmoja kwa jina lake, awe mmoja wa maharusi au mzazi. "Kamati ya harusi" si mtu unayeweza kumdai. Ndani ya mkataba andika saa unazoanza na kumaliza, bei ya kila saa inayozidi (shughuli zetu mnazijua), idadi ya picha zilizohaririwa, ukubwa wa albamu na kurasa zake, muda wa kukabidhi, na kwamba faili ghafi (picha kama zilivyotoka kwenye kamera, kabla ya kuhaririwa) hazitolewi. Ongeza kifungu cha kuahirisha: tarehe ikisogezwa na wewe tayari una kazi siku hiyo mpya, fedha ya kushika tarehe hairudi. Usipoandika hili, watu wawili watakudai kwa Jumamosi moja.

Sasa bei. Wengi hupanga bei kwa kuuliza jirani anatoza ngapi, na jirani naye alimuuliza mwingine. Kaa chini upige hesabu yako. Tuseme maisha ya nyumbani yanakula shilingi 900,000 kwa mwezi, yaani 10,800,000 kwa mwaka. Vifaa vya milioni 9 unavyotarajia kuvitumia miaka 3 vinakugharimu 3,000,000 kila mwaka, hata kama hujanunua kitu mwaka huo. Chumba cha kazi 200,000 kwa mwezi ni 2,400,000. Intaneti na programu 1,200,000. Matengenezo 600,000. Jumla ni 18,000,000. Ukipata kazi 40 za kulipwa kwa mwaka, kila kazi lazima ikuachie 450,000. Halafu ongeza gharama za kazi yenyewe: msaidizi 80,000, usafiri 40,000, albamu 130,000. Umefika 700,000, na hapo hujalipa kodi wala hujaweka akiba. Anayetoza 400,000 kwa kazi hiyo hiyo anabaki na 150,000 mahali panapohitaji 450,000. Tofauti inalipwa na kamera, ambayo inachakaa bila kuwekewa fedha ya kununua nyingine. Ndiyo maana lenzi inauzwa.

Mbona mwezi wa tatu? Kwa sababu Waislamu hawaozeshani sana katika Ramadhani, na makanisa mengi hayafungishi ndoa Kwaresima. Mwaka 2025 mifungo hiyo miwili ilianza ndani ya wiki moja, na 2026 vilevile. Ikikutana hivyo, soko la harusi hufunga mlango kwa mkupuo. Kabla hujachukua fedha ya Desemba ukanunua lenzi, tenga matumizi ya miezi miwili. Na msimu huo ndio wakati wa kupiga picha za vyakula, bidhaa na vyumba vya wageni.

Tuingie ukumbini, maana huko ndiko sifa hupotea. Kamera hupima mwanga ikidhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu, inapunguza mwanga, na uso wa bibi harusi mweusi unazama. Bwana harusi mwenye suti nyeusi akijaa, inazidisha, na paji lake la uso linang'aa kama kioo. Pima usoni, au ongeza mwanga hatua moja (stop) kwa gauni na upunguze kiasi kwa suti. Kisha angalia grafu ya mwanga (histogramu), si kioo cha nyuma ya kamera peke yake, kwa sababu ndani ya ukumbi wenye giza kioo hukudanganya kwamba picha ina mwanga wa kutosha. Beba tishu za kukausha jasho. Ni rahisi kuliko kuondoa mng'ao wa jasho kwenye picha 300 baadaye.

Adui mkubwa ni taa za LED. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde utapata michirizi ya giza ikikata picha. Shuka hadi 1/100 au 1/50 na nyingi zitatulia. Za jukwaani hazifuati umeme wa ukutani, zina mapigo yake, kwa hiyo zijaribu kabla wageni hawajaingia. Zima shata ya kielektroniki, tumia ya kawaida.

Rangi nayo ni shida nyingine. Taa ikiwa ya zambarau tupu, ngozi haina rangi nyingine ya kurudisha, na kurekebisha mizani ya nyeupe (white balance) kwenye kompyuta hakusaidii. Mtafute mtu wa taa mapema, mkubaliane awashe nyeupe wakati wa kuingia maharusi, kukata keki na kulishana. Mpe ya soda ikibidi. Ni nafuu kuliko kuhariri. Na usipige flashi juu darini kabla hujatazama juu. Mpambaji akiwa ametandaza kitambaa cha rangi ya waridi, mwanga utarudi na waridi hiyo kwenye nyuso zote. Weka flashi mbili kwenye stendi pande mbili za ukumbi, juu ya vichwa vya watu, kasi ya shata isizidi 1/200, kwa kuwa kamera nyingi zikivuka hapo hukata sehemu ya fremu. Kila stendi iwe na mfuko wa mchanga miguuni. Msafara wa zawadi ukianza kucheza, stendi isiyo na uzito haichukui dakika tano kuanguka.

Faili. Kamera ya megapikseli 24 hutoa faili ghafi za megabaiti 25 hadi 30, hivyo picha 2,000 ni gigabaiti 50 hadi 60. Piga kwenye kadi mbili kwa pamoja kama kamera ina nafasi mbili. Kama haina, tumia kadi kadhaa za GB 32, ili mojawapo ikiharibika usipoteze siku nzima. Kadi mpya ijaze faili mpaka mwisho, kisha uzisome zote, kabla haijaingia kazini. Kadi bandia iliyoandikwa GB 128 inaweza kuwa na GB 8 tu ndani. Inapokea picha bila kulalamika huku nyingine zikipotea. Usiku uleule nakili kwenye diski mbili, moja ilale nyumba nyingine au mtandaoni. Kadi isifutwe mpaka mteja apokee kazi.

Dada zangu, niseme na ninyi. Pwani na Visiwani kuna shughuli za wanawake watupu, ambako watu hawajajifunika na simu huachwa mlangoni. Mwanamume haingii, kwa hiyo soko hilo ni lenu, na lina bei yake. Lakini mwenye shughuli ananunua siri kabla ya picha. Andika kwamba hakuna picha itakayowekwa popote, mhariri ni mwanamke, uchapishaji unasimamiwa na wewe mwenyewe, na faili zitafutwa baada ya muda mliokubaliana. Picha moja ikivuja, hakuna mtaa utakaokuita tena.

Sasa hoteli na makampuni. Hoteli ya Nungwi, Zanzibar, ikikuita upige vyumba, usiuze "picha". Uza ruhusa ya kuzitumia: wapi, kwa muda gani, na kama wengine wanaweza kuzipata. Tovuti yao na mitandao ya kijamii kwa miaka 2 ina bei moja. Bango la barabarani lina nyingine. Kumpa wakala wa utalii azitumie ni la tatu. Hili liandikwe kabla ya kazi. Kule Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inahesabu kwamba kazi iliyoagizwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mkataba uwe umesema vingine. Yaani ukinyamaza, umeuza. Hapa Tanzania Bara tuna sheria ya 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ya kuwauliza, lakini nchi yoyote uliyopo, mstari mmoja ulioandikwa unamaliza ubishi.

Thamani ya kubaki na haki haionekani mwaka wa kwanza. Nendeni Zanzibar mtazame Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Familia ilitunza negativu za filamu, na miongo mingi baadaye picha za mji wa zamani bado zilikuwa zikichapwa na kuuzwa hapo. Za kwenu ni faili, kwa hiyo kila folda iandikwe tarehe, mahali na mteja, na maelezo ya picha yaingizwe ndani ya faili yenyewe. Picha usiyoweza kuipata ndani ya dakika tano huwezi kuiuza.

Mwisho ni makaratasi, nitapita haraka. Shirika halimlipi mtu asiye na TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya biashara, risiti na akaunti ya benki inayolingana na jina lililo kwenye ankara. Watakata kodi ya zuio asilimia 5 kwenye ada yako. Dai cheti chake kila mara, kwa sababu kiasi hicho kinahesabiwa kwenye kodi yako ya mapato. Bila cheti utakilipa tena. Na wengi hulipa siku 30 au zaidi baada ya ankara, hivyo fedha ya nauli na msaidizi idaiwe mapema.

Tuna muda wa maswali. Aliyekuja na mkataba aulete hapa mbele, tuusome kifungu kwa kifungu.