Jaribio Lifanyike Hapa: Mhadhara Kuhusu Kiharusi na Dawa za Kinga ya Mwili

Mwenyekiti, wazee wetu, madaktari na wauguzi wenzangu, nanyi ndugu mnaouguza wagonjwa majumbani, asanteni kwa kuja. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili, na nitalirudia mpaka liingie masikioni mwa wenye mamlaka: dawa ya kutuliza kinga ya mwili isianze kutumika kutibu kiharusi Uganda kabla ya kujaribiwa kwa wagonjwa wa Uganda.

Kiharusi mnakijua, sitawachosha. Nagusa tu yale yanayofuata bonge la damu likishaziba mshipa wa ubongo. Sehemu iliyokosa damu inakufa, na kinga ya mwili inaikimbilia. Chembechembe nyeupe zinapenya kuta za mishipa, uvimbe unaongezeka, na sehemu za jirani ambazo zingepona nazo zinaharibika. Hayo huendelea kwa siku kadhaa, na ndiyo maana watafiti wana hamu kubwa nayo. Dawa ya kuyeyusha bonge inatakiwa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kipimo cha CT, yaani picha ya ubongo, kuthibitisha kwamba ubongo hauvuji damu. Mtu ameanguka shambani kule Karamoja, mbali kaskazini mashariki mwa nchi. Saa 4 na nusu zitamkuta wapi? Dawa inayoweza kumsaidia aliyefika siku ya pili ingetufaa sisi kuliko mtu yeyote.

Sasa kuna fingolimodi. Ni kidonge kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2010 kwa ugonjwa wa sklerosisi, ule ambao kinga ya mwili hushambulia neva za ubongo na uti wa mgongo. Kazi yake ni kuzizuia chembechembe nyeupe zisitoke kwenye tezi za limfu, zile zikivimba tunaziita mitoki. Mwaka 2014 watafiti wa Tianjin, China, waliripoti wagonjwa 22 wa kiharusi waliokwisha kupitwa na saa zile 4 na nusu. Nusu yao walipewa kidonge kimoja kwa siku, kwa siku 3, nao wakapata nafuu kuliko wenzao. Habari njema, lakini ni wagonjwa 22, na hapakuwa na kidonge kisicho na dawa cha kulinganishia.

Hapo mtu huniambia: “Daktari, dawa iko sokoni miaka yote hii, madhara yake yanajulikana, tunangoja nini?” Swali hili limenichosha, na nalijibu kwa kisa cha hapa hapa kwetu.

Mnaijua homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi wa kriptokokasi, inayowaua watu wenye UKIMWI. Ikaonekana maabara kwamba setralini, dawa ya sonona, inawaua fangasi hao. Dawa ya bei nafuu, ya vidonge, iliyozoeleka! Kila mtu aliitaka ifanye kazi. Lakini watafiti hawakukimbilia kuigawa wodini. Walifanya jaribio katika hospitali za Mulago na Mbarara hapa Uganda, wagonjwa 460, wengine wakipewa setralini na wengine kidonge kisicho na dawa, wote wakiendelea na matibabu yao ya kawaida. Setralini haikuokoa maisha hata kidogo. Takwimu zilipoonyesha hivyo, jaribio likasimamishwa. Fikirini lisingefanyika: mpaka leo tungekuwa tunawaandikia wagonjwa dawa isiyowafaa, na jamaa zao wakiuza mbuzi kuinunua.

Na deksamethasoni? Hiyo inatuliza kinga moja kwa moja. Vietnam, mwaka 2004, ilionyeshwa kupunguza vifo vya homa ya uti wa mgongo ya kifua kikuu. Ikaonekana itafaa na kwa ile ya kriptokokasi. Ikajaribiwa katika nchi za Asia na Afrika, Masaka na Entebbe za hapa kwetu zikiwemo, na jaribio likakatizwa kwa sababu waliopewa dawa walikuwa wanaumia zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016.

Wale wanaosema majaribio yanawageuza watu wetu panya wa maabara, nawauliza: kumpa mgonjwa dawa bila kujaribu, bila kamati ya kumlinda, bila mtu wa kuhesabu nani kapona na nani kafa, huko ndiko kumheshimu?

Fingolimodi yenyewe imewahi kuwafungulia mlango fangasi hao hao wa kriptokokasi kwa wagonjwa wa sklerosisi. Hapa kwetu kuna VVU, kuna kifua kikuu. Tena kiharusi chenyewe hudhoofisha kinga. Ingieni wodini jioni: mama kalala chali, binti yake anamnywesha uji wa ulezi kwa kijiko, nusu unateremka upande wa mdomo uliopinda, mwingine unapita njia ya hewa, mama anakohoa kikohozi kisicho na nguvu. Baada ya siku mbili tatu ni nimonia. Mgonjwa huyo unampunguziaje kinga bila kujua dawa itamfanya nini?

Mwenyekiti ananionyesha saa, nakimbia. Kidonge cha kwanza cha fingolimodi hupunguza mapigo ya moyo, mgonjwa lazima aangaliwe kwa muda wa saa 6; wodi zetu zina wauguzi wangapi usiku? Enlimomabu, kingamwili iliyotengenezwa, ilizidisha vifo vya wagonjwa wa kiharusi katika jaribio lililochapishwa 2001. Natalizumabu, kingamwili nyingine ya kutuliza kinga, nayo haikufua dafu kwa kiharusi. Bei sitaigusa leo.

Wauguzi, ombi langu kwenu ni moja. Kwenye faili la kila mgonjwa wa kiharusi andikeni saa dalili zilipoanza, si saa aliyofikishwa hospitali. Kama hakuna anayeijua, muulizeni jamaa ni lini alionekana mzima mara ya mwisho, muandike hiyo. Bila saa hiyo hakuna jaribio litakaloweza kuanza katika hospitali yoyote nchini.