Mawimbi ya Matema na Wababe wa London

Ndugu walimu, wanafunzi wa hapa Mbeya, shikamooni wakubwa zangu.

Neno la leo ni swash. Wanafunzi wa jiografia mnalijua: ni maji yanayopanda mchangani wimbi likishavunjika. Aliyesimama Matema, kule Kyela, siku Ziwa Nyasa limechafuka, ameyaona: povu linatandaa hadi miguuni, kisha maji yanarudi yakikokota changarawe. Yakipanda kwa nguvu kuliko yanavyorudi, ufuko hujengeka. Yakirudi kwa nguvu zaidi, hulika. Yakipanda mshazari, huusogeza mchanga pembeni, wimbi baada ya wimbi. Hayo mmeyajibu kwenye mitihani, na neno mkaliacha humohumo.

Hilo ndilo linaloniuma. Neno hili yaelekea lilizaliwa na sauti, kama sisi tusemavyo mtu katumbukia majini chubwi. Waingereza wa karne ya 16 walilitumia pia kwa kishindo cha upanga. Ngao ndogo ya mkononi waliiita buckler. Mbabe aliyetamba mitaani akiigonga ngao kwa upanga, watu wajue kafika, akaitwa swashbuckler. Sisi tungesema ana mikogo na majigambo. Katika tamthilia ya Henry V, Shakespeare anamtumia mtoto mtumishi kuwapima watatu wa aina hiyo. Mmoja wao, Pistol, mtoto anamwona ana ulimi wa kuua na upanga uliotulia. Nampenda sana mtoto yule. Kaona mapema ambacho wakubwa hawakukiona. Baadaye, katika karne ya 20, filamu za Marekani za kina Douglas Fairbanks zikamfanya mbabe huyo shujaa anayeshangiliwa.

Kwa hiyo nawasihi, mwalimu wa jiografia na wa Kiingereza mkae meza moja.

Sasa chukueni kadi ya mchango wa harusi iliyochapwa hapo Mwanjelwa. Herufi ya kwanza ya jina la bibi harusi ina mkia mrefu unaojikunja hadi chini ya jina zima. Wachapaji huuita mkia huo swash, na ni maringo matupu, ya kupendeza.

Mafundi nao wana swashplate. Kwenye helikopta ni sahani iliyo chini ya panga zinazozunguka. Rubani akiiinamisha, panga hubadili mlalo na helikopta hugeuka. Ndani ya pampu nyingi za mafuta ya haidroliki za mitambo ya kuchimbia barabara imo sahani ya jina hilohilo, imeinama, inasukuma pistoni. Mwalimu wa fizikia yuko pale nyuma. Namwomba aje ubaoni atuchoree.