Njooni na Shikamoo Zenu: Mazungumzo na Wanafunzi Wapya wa Warsaw

Wadogo zangu, hamjambo? Haya, mlioko nyuma sogeeni mbele, viti vipo.

Nimeombwa nizungumze kuhusu maisha ya kila siku na Wapolandi. Mambo ya viza na ada mtaelezwa na wenzangu baadaye, tena watayaeleza vizuri kuliko mimi. Mimi nina jambo moja tu. Wengi wenu mmefika mkiamini kwamba Ulaya ni mahali ambapo adabu za nyumbani unaziacha uwanja wa ndege: mkubwa unamwita kwa jina lake, mwalimu unampungia mkono, kila mtu rafiki. Hayo mmeyaona kwenye filamu za Marekani. Polandi si hivyo. Ukija na adabu aliyokufunza bibi yako Tanga au Bukavu, utaelewana na watu hawa mapema. Ukija na ujanja wa kwenye filamu utasumbuka, na hakuna atakayekwambia kwa nini.

Tuanze na kuitana. Mtu mzima usiyemjua ni Pan akiwa mwanamume, Pani akiwa mwanamke, na humwambii "wewe". Unamsemesha kana kwamba unamzungumzia mtu mwingine: je, Bwana anajua kituo kiko wapi? Mwalimu chuoni ni Panie Profesorze, au Pani Doktor. Barua pepe unaianza kwa Szanowny Panie au Szanowna Pani, hata kama unauliza tu chumba cha mtihani. Ukimwandikia profesa "Hi Marek", usishangae ikipita wiki mbili bila jibu.

Kuvuka kutoka Pani hadi kuitana majina kuna utaratibu, na mwenye ruhusa si wewe. Mkubwa ndiye anayependekeza. Kati ya mwanamume na mwanamke, aghalabu mwanamke. Atakunyooshea mkono na kusema "Ania", nawe utataja jina lako. Tangu hapo ni majina, na siku ukimrudisha kwenye Pani atadhani umemkasirikia. Wengine huliadhimisha kwa glasi ya kinywaji, mikono imepishana. Asiyekunywa pombe hunyanyua juisi na mambo yanakwenda. Kuna majirani waliopanda ngazi moja miaka thelathini, bado ni Pan na Pani. Hawajagombana.

Sasa salamu. Ukiingia kwenye lifti, duka dogo, chumba cha kusubiri daktari, au chumba cha treni, sema dzień dobry. Ukitoka, do widzenia. Asiyesalimu anaonekana hakulelewa. Hapo tunafanana nao kabisa. Kwenye zahanati isiyo na namba za foleni, ukishasalimu uliza nani wa mwisho. Foleni yenyewe huioni, imo vichwani mwa watu walioketi, na ole wako uirukie.

Ila baada ya salamu sisi huteleza. Kwetu ukisalimu unaendelea: za nyumbani, za watoto, za tangu juzi, na huko kwenu mvua vipi? Hapa ukishasema dzień dobry unanyamaza. Jirani yako kwenye lifti atatazama namba za ghorofa kana kwamba anaziona kwa mara ya kwanza. Hajakuchukia. Amekusalimu, kazi imekwisha.

Na ukimwuliza mtu jak się masz, yaani u hali gani, ujue umeuliza swali. Atakujibu! Mgongo unamuuma, bei ya siagi imepanda, treni imechelewa, bosi hana akili. Naona mnacheka, ngojeni mtakutana nao. Sisi tunajibu "nzuri" hata paa likiungua, halafu ndipo tunataja shida. Mpolandi anaanza na shida. Ukimjibu kila siku kwamba mambo yako ni mazuri mno, ataanza kukutilia shaka, maana ni mtu gani huyo asiye na hata jino linalomsumbua? Kulalamika pamoja ndiyo njia yao ya kuzoeana. Lalamikeni nao kuhusu baridi, tramu, ofisi na dirisha lisilofunga vizuri.

Nchi yenyewe mwachieni mwenyewe. Yeye anaweza kuisema Polandi vibaya kuanzia asubuhi hadi jioni, lakini mgeni akiunga mkono, hewa inabadilika. Nchi hii ilifutwa kwenye ramani mwaka 1795, ikagawanywa baina ya Urusi, Prussia na Austria, na haikurudi hadi 1918. Kuna vizazi vilivyokatazwa kufundishwa shuleni kwa lugha yao. Ndiyo maana ukijaribu kusema Kipolandi, hata kibovu, uso wa mtu unafunguka papo hapo. Na ndiyo maana dharau kidogo wanaisikia kama kelele. Mtaona wenyewe tarehe 1 Agosti, saa kumi na moja jioni. Ving'ora vinalia mji mzima kukumbuka saa ambayo maasi ya Warsaw dhidi ya Wajerumani yalianza mwaka 1944. Magari yanasimama katikati ya barabara, watu wanashuka, kila mmoja anatulia pale alipo. Mkiwa nje siku hiyo, nanyi simameni. Simu ziacheni mfukoni.

Dada pale dirishani aliniuliza kabla hatujaanza: kwa nini wanatukodolea macho? Swali hilo sitalipita haraka.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, karibu theluthi moja ya raia wa Polandi hawakuwa Wapolandi kwa kabila. Walikuwa Wayahudi, Waukraine, Wabelarusi, Wajerumani. Wanazi wakawaua Wayahudi wa Polandi wapatao milioni tatu. Vita vilipokwisha, mipaka ilisogezwa magharibi na mamilioni ya watu wakahamishwa kwa nguvu. Ikabaki nchi ambayo karibu kila mtu anafanana na jirani yake na anasali kanisa moja naye, kisha ikaishi zaidi ya miaka arobaini chini ya ukomunisti, pasipoti ikiwa kitu cha kuombea ruhusa. Mwafrika aliyeonekana enzi hizo kwa kawaida alikuwa mwanafunzi, kama wale waliopita kwenye chuo cha lugha cha mji wa Łódź, kilichoanza kuwafundisha wageni Kipolandi mwaka 1952. Kwa hiyo bibi wa miaka themanini aliyetoka kijijini mashariki akikukazia macho kwenye basi, mara nyingi hana zaidi ya mshangao. Mwambie dzień dobry. Wengi huona haya na kuitikia, na wengine watataka kujua historia yako yote kabla ya kituo kinachofuata.

Kutukanwa ni jambo jingine, na sitawaambia kwamba halipo. Lipo, hasa usiku, hasa mbele ya walevi na baada ya mechi. Hapo hakuna wa kumfundisha adabu: ondoka, nenda penye watu, piga 112. Kumtukana mtu hadharani kwa sababu ya rangi au taifa lake ni kosa la jinai hapa. Ripotini, hata kama mnadhani haitafika mbali, maana kisichoandikwa huhesabiwa hakikutokea. Mkumbuke pia kwamba nchi hiihii ilimpata mbunge wake wa kwanza mweusi mwaka 2010, John Godson, mzaliwa wa Nigeria, kutoka Łódź. Mwaka uliofuata akachaguliwa Killion Munyama, mzaliwa wa Zambia. Yote mawili ni kweli, chukueni yote mawili.

Nikirudi kwa mabibi: hao ndio polisi wa mtaa. Ukitoka Januari bila kofia, bibi usiyemjua atakusimamisha na kukukaripia. Ukimbeba mtoto asiye na soksi, ndiyo kabisa, basi zima litakusikia. Vijana kutoka nchi nyingine hukasirika, wanasema wameingiliwa. Nyinyi mnamjua mtu huyu. Ni shangazi. Mwitikieni, vaeni kofia, na kwenye tramu mpisheni akae kabla hajaomba. Nawaambia, hakuna kitakachowapa jina zuri kwenye jengo upesi kama mabibi wa ghorofa ya chini, kwani wao wanajua nani ameingia saa ngapi na nani hatupi taka inavyotakiwa.

Mkialikwa nyumbani, hapo ndipo Mpolandi mwingine anapotokea. Yule aliyekuwa kimya kazini atakukumbatia. Msisalimiane kwa mkono kizingitini. Wanasema ni mkosi, subiri uingie. Vua viatu. Mtu wa pwani hahitaji kuambiwa hilo, ila soksi ziwe nzima. Mara nyingi utapewa ndala za ndani, kapcie, pengine za babu yake. Peleka maua, idadi isiyogawanyika kwa mbili, kwa sababu idadi shufwa ni ya mazishi. Na krisanthemamu ziacheni, hizo ni za makaburini. Halafu utalishwa. Wana msemo wao kwamba mgeni akiingia nyumbani, Mungu ameingia, na wanaufuata kwa vitendo hadi unashindwa kuinuka. Kukataa mara moja hakuhesabiwi.

Wenzangu Waislamu, na wengine msiokula nguruwe, hapa sikilizeni. Nguruwe yuko kila mahali, tena anajificha. Supu ya żurek huwa na soseji. Kipande cha nyama cha Jumapili, schabowy, ni nguruwe. Siagi mliyodhani mmepakiwa kwenye mkate huenda ni smalec, mafuta yake. Hata pierogi ruskie, kama sambusa za kuchemsha zilizojazwa viazi na jibini, mara nyingi huja zimemwagiwa vipande vya mafuta ya nguruwe vilivyokaangwa. Semeni mapema, bez skwarek, yaani bila vipande hivyo, na kwa mwenyeji semeni siku ya mwaliko, si mezani. Hatanuna, atafurahi kupata kazi ya kufikiria. Na Uislamu si mgeni kabisa hapa. Watatari Waislamu walipewa ardhi mashariki mwa nchi na mfalme Jan Sobieski mwaka 1679, na misikiti yao ya mbao ipo hadi leo Kruszyniany na Bohoniki. Nendeni siku moja.

Ajabu ni kwamba mlo mkubwa kuliko yote ya mwaka ndio rahisi kwenu. Usiku wa tarehe 24 Desemba, Wigilia, kwa desturi hakuna nyama mezani. Kuna samaki, supu ya bitiruti, pierogi za kabichi na uyoga. Wanahesabu vyakula kumi na viwili. Sahani moja huwekwa bila mwenyewe, kwa mgeni ambaye hakutarajiwa. Kabla ya kula, kila mtu huvunja kipande cha mkate mwembamba wa mwenzake na kumtakia heri ana kwa ana, na hapo utasikia maneno ambayo watu wale hawakuambiana mwaka mzima. Ukialikwa, nenda. Usijifanye unaona haya.

Majira ya baridi siyaelezi sana, yatajieleza. Desemba jua la Warsaw linazama kama saa tisa na nusu alasiri. Mwili hulala, moyo huzama. Muulizeni daktari kuhusu vitamini D, tokeni nje mchana hata kwa nusu saa, na mkiona mtu wenu hajibu simu siku mbili, nendeni mkamgongee mlango.

Ofisi nazo. Kapateni PESEL, namba ya utambulisho ya tarakimu kumi na moja, maana bila hiyo hata daktari hajui akuandike wapi. Kwenye nyumba mtakutana na mkataba uitwao najem okazjonalny, unaodai utaje makazi mengine utakakohamia ukiondolewa, mwenye makazi hayo akubali kwa maandishi, nawe utie saini kwa notariusz, mthibitishaji wa hati za kisheria. Mgeni atayatoa wapi? Ulizeni chuo na ulizeni sisi, msinunue anwani kwa mtu wa mtandaoni. Dirishani, yule mama ana uso wa mawe hadi umpe karatasi zilizopangwa, nakala ziko chini, na Proszę Pani mbele ya kila sentensi. Sheria iliyoanza 2018 inafunga maduka makubwa Jumapili, isipokuwa Jumapili chache za mwaka. Nunueni chakula Jumamosi.

Tarehe 1 Novemba nayo maduka hufungwa, na safari hii mji mzima unakwenda makaburini. Nendeni pia, nunueni mshumaa wa kwenye glasi pale getini. Giza likiingia, uwanja mzima unawaka. Watu hawalii kwa sauti. Wanafagia majani, wanawasha mishumaa, wanawasimulia watoto nani alikuwa nani. Ukiwa na familia usiku huo, ukasema umetoka Tanzania au Uganda, unaweza kuulizwa kuhusu Tengeru, au Masindi. Msishangae. Mwaka 1940 na 1941 Wasovieti waliwahamisha Wapolandi kwa mamia ya maelfu hadi Siberia na Kazakhstan. Baadhi ya walioachiwa walipitia Uajemi, na kuanzia 1942 maelfu yao, wengi wanawake na watoto, waliletwa kwetu: Koja na Masindi huko Uganda, Ifunda, Kidugala, Kondoa, na Tengeru karibu na Arusha, kambi kubwa iliyokuwa na watu wapatao 5,000. Walikaa miaka, wakajenga shule na kanisa, na makaburi yao Tengeru bado yanatunzwa. Kuna Wapolandi ambao utoto wa mama zao ulikuwa chini ya mlima Meru. Ukiwa umewahi kufika huko, ongea. Utaombwa uongee hadi usiku.

Na swali la kijana huyu, kama mtapata marafiki Wapolandi au mtabaki sisi kwa sisi. Mtapata, ila polepole, na hamtaambiwa. Hakuna atakayekutumia ujumbe kusema wewe ni rafiki yake. Atakupigia simu Jumamosi asubuhi, atalalamika kwanza kuhusu mgongo wake, halafu atakuomba uje umsaidie kupandisha kabati ghorofa ya nne, kwenye jengo la zamani lisilo na lifti. Siku hiyo mkae mkijua. Sasa maswali; na mwenye swali la kibali cha makazi amsubiri mwanasheria, anakuja baada ya chai.