Vitenzi vya Kifaransa mnavibadilishaje? Anza na habiter

Haya wadau wangu, mambo vipi. Leo nalijibu hili swali maana kila nikipost video, hata ya kupika maharage, lazima mtu aandike kwenye komenti, dada hivi hivyo vitenzi vya Kifaransa mnavibadilishaje, nimeanza darasa nimekwama. Na najua wapo watakaosema najishaua na Kifaransa changu, na wengine watasema kila siku kulalamika tu si urudi nyumbani. Sijishaui na silalamiki, nimeulizwa najibu, na ninayosema ni yaliyonisaidia mimi hapa Lyon, Ufaransa, ya kwako yanaweza yakawa mengine kabisa. Ndugu zangu wa Goma na Bukavu, Kifaransa nyie mmekisoma shuleni, hii irukeni tu.

Vitabu karibu vyote vinaanza na parler, yaani kusema. Mi nakwambia anza na habiter, yaani kukaa, kuishi mahali. Kwa sababu huku kila dirisha unalokwenda, benki, bima, kibali cha kuishi, wanataka kujua unakaa wapi na wanataka karatasi ya kuthibitisha.

Toa -er, unabaki na habit, halafu unabandika: j'habite, tu habites, il habite, nous habitons, vous habitez, ils habitent, yaani mimi, wewe, yeye, sisi, nyie, wao kwa mpangilio huohuo. Basi. Vitenzi vingi sana vya Kifaransa viko kundi hili, travailler (kufanya kazi), chercher (kutafuta), demander (kuomba), vyote vinakwenda hivyohivyo, ila aller (kwenda) usikiingize humo, kile kina njia zake.

Sasa kinachotuchanganya sisi Waswahili ni hiki. Kwetu mabadiliko yako mbele, ninakaa, unakaa, wanakaa, mtu anakupata mwanzoni kabisa na hiyo "mimi" wala huihitaji. Kwao yako nyuma, na hiyo nyuma yenyewe mara nyingi haisikiki! Habite, habites, habite, habitent, zote nne ni "abit". Kwa hiyo ukidondosha je au tu kama tunavyodondosha mimi na wewe, anayekusikiliza hajui unamsema nani. Lazima uiseme, kila sentensi. Halafu sikiliza, il parle na ils parlent sikio haliwezi kutofautisha, lakini il habite ni "ilabit" na ils habitent ni "ilzabit", ile s inasikika kwa sababu h inayoifuata haitamkwi, kwa hiyo s inakutana na irabu. Ndo maana napenda habiter, inakufundisha kitu ambacho parler inakificha.

Na sehemu ninayotaka muishike zaidi ya zote ni depuis, yaani tangu. Sisi tunasema nimekaa hapa miaka mitatu, na bado tupo. Ukiihamisha hiyo -me- moja kwa moja unapata j'ai habité ici trois ans, na Mfaransa anaelewa ulikaa ukahama! Hebu fikiria unaisema hiyo mbele ya mtu anayeshika faili lako. Ukiwa bado upo unatumia wakati uliopo, j'habite ici depuis trois ans. Ukihama ndo j'ai habité.

Ila jamani sentensi sahihi peke yake haitoshi, na hapa niacheni nitoe la moyoni. Mwenye nyumba wangu wa kwanza alikuwa anapokea kodi kila mwezi, nikimuomba quittance, ile risiti ya kodi, anataka hela juu. Wakati sheria ya huku ya mwaka 1989 inasema mpangaji akiomba apewe bure! Nimehangaika na madirisha nasema j'habite, j'habite, karatasi sina. Iliniuma sana na bado inaniuma. Ukifikia kwa ndugu mwombe attestation d'hébergement mapema, ile barua yake ya kuthibitisha unakaa kwake, na kopi ya kitambulisho chake.

Kuhusu hela za mitihani ya Kifaransa, ile ya kupata vyeti vya kuweka kwenye faili la kibali. Toka Januari 2026 kwa kadi ya kuishi ya miaka kadhaa wanataka kiwango cha lugha cha A2, ya miaka kumi B1 ambacho ni juu zaidi, uraia B2 juu zaidi tena. Mitihani yenyewe iko ya aina mbalimbali, cheti cha ule unaoitwa TCF kina miaka miwili tu, cha ule unaoitwa DELF hakiishi muda. Faili likikaa foleni na cheti kikaisha unalipa upya, na hakuna anayekurudishia. Mi ningechagua DELF, lakini hali yako unaijua wewe, uliza kwanza faili lako linakubali cheti gani, usije ukaniambia dada ulisema.

Na kwenye mtihani wa kuandika ndo wanapokukamatia, maana habité, habiter na habitez zinatamkwa sawa. Ukiwa na ai, as, a kabla yake, kama kwenye j'ai habité, andika é. Ukiwa na je veux (nataka) au je vais (nitafanya, naenda kufanya), andika er. Ukiwa na vous yenyewe, ez. Mitaani watu wanasema on habite badala ya nous habitons (sisi tunakaa), nayo ni "abit" ileile, kwa hiyo kwenye kuongea unapumua kidogo.

Kundi la -ir, zile kama finir (kumaliza), nous finissons, nitalifanyia video yake. Niandikieni chini sentensi moja yenye depuis, yoyote ile, nikitoka kazini nazipitia na kuzisahihisha.