Gari Linalomisi Asubuhi ya Baridi: Pima Kabla ya Kununua Kifaa

Habari mtazamaji. Leo tunalishughulikia gari linalosumbua asubuhi ya baridi. Unapiga starta, linawaka, lakini linatetemeka, linamisi (silinda moja au zaidi inakosa kuwaka), linataka kuzima, halafu baada ya dakika chache linatulia kana kwamba halikuwa na neno. Kwa sababu linatulia lenyewe, wengi hulipuuza, au hubadilisha plagi na kuomba Mungu. Sisi tutapima kwanza.

Sharti ni moja tu: gari liwe limelala usiku kucha bila kuwashwa. Likiwa bado na joto, ugonjwa wenyewe hauonekani. Kwa hiyo andaa vifaa tangu jioni: multimita (kipimo cha umeme), kifaa cha kusomea hitilafu kinachochomekwa chini ya dashibodi, spana ya plagi, brashi ya waya na tochi.

Kabla hujafungua boneti, piga starta usikilize. Injini inazunguka kwa kujivuta? Au inazunguka kwa kasi yake ya kawaida, ila ikiwaka ndiyo inamisi? Hapo ndipo njia zinapogawanyika. Ikijivuta, shida iko kwenye umeme au oili. Ikizunguka vizuri, achana na betri, ruka mbele kidogo.

Haya, tuanze na inayojivuta. Weka multimita kwenye volti za DC, gusa vichwa vya betri. Betri iliyopumzika usiku ikisoma 12.6 imejaa, ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Sasa mwombe mtu apige starta huku wewe unaangalia namba. Kama baridi si ile ya kugandisha maji na volti zinashuka chini ya 9.6, betri imechoka au haijajaa. Ijaze kwanza kwa chaja, upime tena, ndipo uihukumu. Baridi huidhoofisha betri, na wakati huohuo oili imekuwa nzito, kwa hiyo starta inadai umeme mwingi zaidi. Ndiyo maana betri iliyokuvumilia kipindi chote cha joto inakuumbua leo.

Volti hazishuki sana lakini starta bado inajivuta? Angalia hapa, kwenye vichwa vya betri. Huu ungaunga mweupe unazuia umeme. Fungua hasi kwanza, kisha chanya, piga brashi mpaka chuma king'ae, na wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho. Ufuate pia waya wa hasi mpaka unapofungwa kwenye bodi na injini. Kutu hupenda kujificha pale. Kuhusu oili, soma kitabu cha gari. Namba iliyo kabla ya herufi W ndiyo ya baridi, na ikiwa ndogo, oili inabaki nyepesi zaidi. Gari lililoandikiwa 5W-30 ukalitia 20W-50, usilishangae likijivuta.

Sasa tuje kwenye injini inayozunguka vizuri lakini inawaka vibaya. Hapa kuna kipimo ambacho hata mafundi wengine hukiruka, nacho hakichukui dakika mbili. Chomeka kifaa cha kusomea, fungua swichi bila kuwasha injini, utafute namba mbili: joto la maji ya injini, na joto la hewa inayoingia. Gari limelala usiku kucha, kwa hiyo namba hizi lazima zikaribiane. Kama hewa ni nyuzi 5 na maji yanasomeka nyuzi 40, sensa ya maji inadanganya.

Uongo huo una gharama. Petroli ya baridi haigeuki mvuke kwa urahisi, hivyo kompyuta ya injini huongeza mafuta wakati wa kuwasha. Ikiambiwa injini ina joto, haiongezi ya kutosha, na injini inaamka na njaa. Taa ya injini inaweza isiwake kabisa, maana nyuzi 40 kwa kompyuta ni joto la kawaida tu. Ukiichomoa sensa ukaipima ukinzani wake kwa multimita kwenye nyuzi 20, nyingi husoma kiasi cha kiloomu 2 hadi 3, lakini hakikisha kwenye kitabu cha gari lako.

Sensa ikiwa nzima, soma namba za hitilafu kwenye kile kifaa. P0300 maana yake silinda zinamisi bila mpangilio. P0302 ni silinda ya 2. Hamishia koili (inayoipa plagi umeme) ya silinda ya 2 kwenye silinda nyingine, ufute hitilafu, uliache gari lilale tena. Namba ikihama na koili, umempata mwizi. Isipohama, toa plagi uitazame. Masizi meusi makavu ni mafuta mengi, na ncha zilizolika zinataka plagi mpya.

P0171 inasema hewa imezidi mafuta. Kagua mipira ya hewa nyuma ya throtoli, yaani mlango wa hewa ya injini: mpira uliozeeka hukakamaa kwenye baridi ukavujisha, kisha ukipata joto unaziba, na gari linatulia.

Jaribu na hili: fungua swichi sekunde tatu, funga, rudia, ndipo uwashe. Likiwaka vizuri zaidi, presha ya mafuta inashuka usiku. Shuku pampu, au nozeli ya kupulizia mafuta inayovuja.

Wa dizeli, kwenu ni hita plagi kwanza, zile zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha. Subiri taa yake kwenye dashibodi, yenye alama ya koili, izime kabla ya kupiga starta. Bado linatoa moshi mweupe na kutetemeka? Pima kila hita kwa multimita. Isiyopitisha umeme imekufa.

La mwisho, na hili usilifanyie mzaha. Mvuke mweupe kidogo kwenye baridi ni kawaida. Lakini kama moshi mweupe unaendelea hata injini ikiwa na joto, maji ya rejeta yanapungua na huoni yanakovujia, na plagi moja inatoka imelowa, huenda gasketi ya silinda hedi inapitisha maji usiku. Usiendelee kupiga starta: silinda ikijaa maji, inaweza kupinda koneksheni rodi, chuma kinachounganisha pistoni na kranki. Fundi aje lilipo gari, apime presha ya mfumo wa maji.