Namba hazitoki baada ya apdeti? Usikimbilie kununua kibodi

Habari za leo ndugu zangu, karibuni. Leo niko Majengo hapa Dodoma, kwenye steshenari ya dada mmoja. Kompyuta yake ilipata apdeti ya Windows jana usiku. Asubuhi mteja kaleta namba ya NIDA, ile ya tarakimu 20, na namba za upande wa kulia hazitoki. Tayari kashaambiwa anunue kibodi mpya. Dada yangu, subiri kwanza.

Sogeeni muone. Nabonyeza 8: kile kimstari kinachowakawaka kinapanda juu. Nabonyeza 2, kinashuka. Nabonyeza 5, kimya. Kibodi iliyokufa haisogezi kitu, kwa hiyo hii ni nzima. Num Lock, ile batani inayowasha namba za upande wa kulia, ndiyo imezimika. Bonyeza Num Lock mara moja, tazama taa yake. Imewaka? Jaribu tena 8. Hiyo hapo.

Kama batani yenyewe haishiki, bonyeza Windows, Ctrl na O kwa pamoja. Kibodi inatokea kwenye skrini. Gusa Options, washa sehemu ya namba, kisha bonyeza Num Lock ya humo.

Wenye laptopu ndogo mambo hugeuka: unaandika K inatoka 2, L inatoka 3, na paswedi inakataa wakati unajua umeandika sawa. Hapo Num Lock imewaka. Bonyeza Fn pamoja na NumLk.

Na kwenye Excel, vishale vikiburuta ukurasa mzima badala ya kuhamia chumba kingine, zima Scroll Lock kwenye kibodi hiyohiyo ya skrini.

Sasa lile linalokera: umewasha Num Lock, kesho asubuhi imezimika tena. Mara nyingi ni kwa sababu ukizima kompyuta, Windows haizimiki yote. Inahifadhi sehemu yake ili iwake haraka. Ingia Control Panel, Power Options, kisha Choose what the power buttons do. Bonyeza mstari wa juu unaofungua mipangilio iliyofungwa, toa tiki kwenye Turn on fast startup, hifadhi. Itachelewa kidogo kuwaka, lakini kwa mtu anayejaza fomu kutwa nzima, mimi naona inafaa.

Kisha zimeni kompyuta na kuiwasha tena. Mkifika kwenye ukurasa wa paswedi, washeni Num Lock palepale kabla ya kuingia, halafu bonyezeni Restart kwenye alama ya umeme kulia chini.

Tusubiri... Taa hiyo, imewaka yenyewe. Haya dada, soma ile namba, mimi naandika.