Kipindi: Wawili kwa Wikiendi Moja, Tunashuka Moshi

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi ni Zuhura, tuko Arusha kama kawaida, na mwenzangu hapa ameshafungua daftari kabla sijasalimia.

NEEMA: Shikamooni wakubwa zetu, wadogo marahaba. Neema hapa. Ndiyo, daftari limefunguka, maana leo hatusimulii safari iliyokwisha. Leo tunapanga, mnatusikia tukipanga, na tukibishana mtatusikia vilevile.

ZUHURA: Mwisho wa Januari, Ijumaa jioni mpaka Jumapili jioni, mimi na Neema tunakwenda Moshi. Wawili tu. Hakuna watoto wala shemeji, na hakuna "na mimi nipitieni".

NEEMA: Na swali la kwanza tuliloulizwa ni "Moshi? Hapo jirani?" Kana kwamba mtu hupumzika akienda mbali tu. Kwangu mimi, ukiwa na usiku mbili, safari ndefu inakula mapumziko yenyewe. Kutoka hapa mpaka Moshi ni kilomita kama 80. Unatoka kazini, unapanda gari, chakula cha usiku unakula kule.

ZUHURA: Na tarehe tumeichagua kwa makusudi. Desemba haifai.

NEEMA: Desemba Wachaga wote tunarudi nyumbani, jamani. Barabara imejaa, gesti zimejaa, kila kitu kimepanda bei. Halafu mwisho wa Februari kuelekea Machi kuna mbio za Kilimanjaro Marathon, mji unafurika wageni. Ukienda kukimbia, hiyo ndiyo wikiendi yako. Sisi tunakwenda kukaa. Mwisho wa Januari watu wamesharudi makazini, mvua za vuli zimeondoka, masika bado, na mlima unaonekana.

ZUHURA: Na mshahara umeingia! Maana Januari na ada za shule, mwaya, tarehe 10 hakuna anayetaka kusikia habari ya Moshi.

NEEMA: Basi tuanze na hilo la pesa. Marafiki wengi wanapanga kila kitu, pesa wanaiacha mpaka bili ifike mezani.

ZUHURA: Kwangu mimi hilo ndilo kubwa kuliko yote. Marafiki wawili hawawezi kuwa na mfuko sawa kila mwezi. Mwaka huu wewe uko vizuri, mwakani mimi. Kwa hiyo bajeti inawekwa na yule mwenye kidogo. Mimi ndiye nimesema kiasi: laki moja na nusu kila mtu, kwa kila kitu, nauli mpaka maji ya kunywa. Na Neema hakusema "nitakuongezea".

NEEMA: Nilitaka kusema.

ZUHURA: Najua ulitaka. Lakini ukiniongezea, nitaagiza chakula nikikuangalia usoni kwanza. Sitaki safari ya hivyo na wewe.

NEEMA: Nimekuelewa, shoga yangu, na ndiyo maana nilinyamaza. Basi laki tatu zinakaa kwenye simu ya mtu mmoja, na huyo ndiye analipa kila mahali. Hakuna kugawana chenji ya bajaji. Anayeshika pesa ni Zuhura.

ZUHURA: Nguo za mitumba na zawadi za nyumbani haziingii humo. Hizo kila mtu na pochi yake.

NEEMA: Usafiri sasa. Ijumaa saa kumi jioni tuko stendi. Tunapanda kosta. Njia nne inaishia Tengeru, baada ya hapo ni foleni ya malori na vibao vya 50, Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, kwa hiyo hesabu saa moja na nusu mpaka mbili. Na wasikilizaji, kaeni upande wa kushoto wa gari. Ukitoka Arusha kushoto kwako ndiko kwenye Meru, na ukishapita njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, jioni mawingu yakiachia, Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, iko dirishani kwako mpaka Boma Ng'ombe, Kwa Sadala, Weruweru, hadi unaingia mjini.

ZUHURA: Malazi. Hapa tulivutana.

NEEMA: Mimi nilitaka Shanty Town. Kumetulia, miti mikubwa, barabara zina kivuli.

ZUHURA: Ni pazuri, sikatai. Lakini kila ukitaka kutoka unaita bajaji. Mimi nataka nishuke ngazi nikute mji. Moshi mjini inatembeleka kwa miguu. Mnara wa Saa, stendi, soko la kati, maduka ya vitambaa, vyote hivyo unavizunguka asubuhi moja bila kupanda kitu. Tukachagua gesti ya katikati, chumba kimoja, vitanda viwili.

NEEMA: Vitanda viwili, msisitizo. Na ulizeni feni na chandarua kabla ya kulipa. Sisi wa Arusha tumezoea baridi, tunasahau kwamba Arusha iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari na Moshi iko kwenye 900 hivi. Unalisikia hilo joto ukishuka tu kwenye gari. Januari bila feni hulali.

ZUHURA: Jumamosi.

NEEMA: Jumamosi saa kumi na mbili na nusu nakuamsha.

ZUHURA: Kuangalia mlima.

NEEMA: Kuangalia mlima! Jamani, mita 5,895, ardhi yote ya Afrika haina kirefu zaidi, na ukifika saa tatu au saa nne mawingu yameshaufunika. Alfajiri ndiyo saa yake. Theluji inapata rangi kidogo, halafu inakuwa nyeupe kabisa. Mimi nimezaliwa Rombo, upande wa Mawenzi, nimekua nikiuona, na bado nikiamka Moshi ninatoka nje kwanza.

ZUHURA: Nimekubali. Nitakuwa nimeshaamka kwa ajili ya swala, kwa hiyo tutapanda juu ghorofani pamoja. Baada ya hapo narudi kulala mpaka saa tatu na hakuna kuniuliza.

NEEMA: Haki yako. Saa tatu mtori.

ZUHURA: Eleza mtori, kuna watu wanatusikiliza Mtwara.

NEEMA: Ndizi mbichi na nyama, vinachemshwa mpaka ndizi inalainika, unaiponda, inakuwa supu nzito. Ndizi nzuri ya mtori ni mshare. Kule kwetu mzazi aliyejifungua ndicho chakula chake. Asubuhi na chapati moja, unafika saa nane hujakumbuka kula. Usiutafute hotelini. Tafuta mama mwenye sufuria kubwa na benchi limejaa madereva.

ZUHURA: Na mimi nina langu. Wewe unajua, lakini nalisema kwa ajili ya marafiki wa dini tofauti wanaosafiri pamoja. Moshi kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, ni nyingi. Mimi nyama choma naipenda, ila siwezi kula mahali ambapo jiko ni hilohilo. Sasa Neema hajawahi kunifanya niulize mhudumu peke yangu. Anauliza yeye kabla hatujakaa: mnapika kitimoto? Nyama imechinjwa na nani?

NEEMA: Si ndiyo ustaarabu? Kuku wa kuchoma na ndizi kwenye mgahawa wa Waislamu Jumamosi usiku, tumeshapanga. Na mbege yangu, pombe yetu ya ndizi, nitainywa mchana, mahali pengine.

ZUHURA: Mchana tunaachana. Hili nalo nalitetea. Saa nane mpaka saa kumi kila mtu na lake. Kuna urafiki unaochoka kwa sababu watu wanadhani kusafiri pamoja ni kushikana mikono siku nzima.

NEEMA: Mimi nitakuwa Memorial kwenye mitumba. Nataka koti la baridi, na kwa koti nahitaji muda, nageuza kola, nakagua zipu, naondoka, narudi. Zuhura ukiwa pembeni unaanza kupumua kwa nguvu.

ZUHURA: Mimi nitakuwa stesheni.

NEEMA: Stesheni ya treni. Waambie kwa nini.

ZUHURA: Kwetu Tanga. Hiyo reli inayofika Moshi ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, wakati wa Wajerumani. Ikapanda polepole, Usambara, Upare, mpaka ikafunguliwa hadi Moshi mwaka 1912. Arusha tumeipata baadaye, 1929. Na utawala wa Wajerumani haukuanzia hapo chini. Boma lao lilikuwa juu, Old Moshi. Reli ilipofika, mji mpya ukakua kuizunguka stesheni, jina likashuka nalo. Kwa hiyo ule mji wote tutakaoutembea asubuhi uko pale kwa sababu ya reli iliyotoka kwetu. Nataka tu kukaa pale, nitazame jengo na njia ya reli, nimpigie babu simu. Aliwahi kufanya kazi relini.

NEEMA: Mpigie mapema, alasiri anapumzika. Lakini Old Moshi yenyewe ina uzito wake. Huko ndiko Mangi Meli, chifu wa Old Moshi, alikonyongwa na Wajerumani, tarehe 2 Machi 1900, yeye na wenzake, na kichwa chake mpaka leo kinatafutwa Ujerumani. Hapo sitaki tupite mbio mbio tukiwa na mifuko ya mitumba. Tutapangia siku yake, twende na mtu wa kule atusimulie.

ZUHURA: Nakubaliana nawe kabisa. Saa kumi tunakutana Union Café.

NEEMA: Huo ni mgahawa wa KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ulioanzishwa 1933. Kabla yake kulikuwa na chama cha wakulima cha mwaka 1925. Napenda kunywa kahawa pale kwa sababu hiyo. Wazee wetu walilima, wakaungana ili wauze wenyewe, na nyumba nyingi uchagani zimesomesha watoto kwa kahawa. Mimi nimekua nikichuma. Nyumbani tulikuwa tunakunywa chai.

ZUHURA: Na hapo ndipo tunapofika kwenye ugomvi. Materuni.

NEEMA: Siyo ugomvi. Mimi nasema mtu afike Moshi asiende Materuni? Kijiji kiko Uru, kama kilomita 15 tu kutoka mjini, maporomoko ya zaidi ya mita 70, unakaanga kahawa mwenyewe, unaitwanga kwenye kinu huku watu wanaimba, unainywa hapohapo.

ZUHURA: Na nakwambia itakula Jumamosi nzima. Kupanda, kutembea mpaka kwenye maji, kurudi, kahawa, chakula cha mchana, ukishuka ni saa tisa na miguu imechoka. Hapo mji umeuona saa ngapi? Wakati Jumapili tuna chemchemi ya Chemka.

NEEMA: Chemka ni lazima?

ZUHURA: Angalia ramani, mwaya. Chemka unaingilia Boma Ng'ombe, na Boma Ng'ombe iko njiani tukirudi Arusha. Hatupotezi siku. Tunatoka Moshi saa mbili asubuhi na mabegi yetu, tunashuka Boma, tunachukua bajaji ya kutupeleka na kuturudisha, tunaingia majini kabla vijana wa Arusha na Moshi hawajafika na spika zao. Saa sita tunatoka, tunakula, saa tisa tuko nyumbani tunafua.

NEEMA: Hmm. Na Jumapili kanisa?

ZUHURA: Misa ya kwanza ni alfajiri. Nitakusubiri na chai.

NEEMA: Hapo umenishinda. Nilikuwa naihesabu Chemka kama safari ya kwenda na kurudi, kumbe ni kituo cha njiani. Basi Materuni inasubiri.

ZUHURA: Waambie watu Chemka ikoje.

NEEMA: Ni chemchemi, maji ya uvuguvugu, masafi mpaka unaona mizizi chini. Mikuyu mikubwa imeinamia, kuna kamba ya kurukia, na samaki wadogo wanakuchuna ngozi ya miguu. Pale mahali pengine ni pa kina, mtu asiyejua kuogelea akae karibu na ukingo au avae boya. Njia ya kuingia ina vumbi, kwa hiyo nguo nyeupe iache.

ZUHURA: Mimi nitaogelea na nguo zangu za kuogelea za kufunika mwili, na nitabeba khanga mbili. Simu kwenye mfuko wa plastiki. Kitu cha kula tubebe, ndizi za kuiva na karanga, vya pale vinatosha kwa dharura.

NEEMA: Nimeandika. Halafu moja la mwisho kabla hatujafunga: hakuna kupokea simu za kazi kuanzia Ijumaa saa kumi. Bosi wangu nimeshamwambia.

ZUHURA: Wa kwangu namwambia Jumatatu. Simu za nyumbani tunapokea, lakini mara moja kwa siku, baada ya magharibi.

NEEMA: Sasa chumba. Namba ya gesti ninayo hapa. Wapigie sasa hivi, uulize wana cha vitanda viwili ghorofa ya juu, kinachotazama kaskazini. Mlima uko upande huo.

ZUHURA: Kaskazini, vitanda viwili, feni, chandarua. Wasikilizaji, msikate. Inaita.